Harusi ya Muhogo na Pweza

Mwaka alioposwa dada yangu, bei ya karafuu ilikuwa imeanguka vibaya mno. Baba alizitazama zikichanua juu ya mikarafuu na hakujisumbua kuzichuma. Ukoo wake ulitoka Umangani, kwa Waarabu, na zamani mashamba yao yalikuwa makubwa hapa kijijini Vitongoji. Sisi tulibakiwa na kipande nyuma ya nyumba, na baba hakuacha kuzungumza kama mtu mwenye mashamba.

Siasa ya vyama vingi ilikuwa imeingia, na watu kijijini waligawanyika hata madukani na mazishini. Lakini kwenye dhiki tulikuwa sawasawa, wa chama hiki na wa kile.

Mama aliigeuza dhiki ile mchezo. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi, kila mtoto akapewa kipande chake, na ambaye chake kingechelewa kwisha alipewa ukoko wa wali siku ya Ijumaa, siku pekee tuliyopika wali. Nilioga kwa majivu na makumbi ya nazi ili nishinde. Nilishinda mara nyingi. Chai tulikunywa ya mchaichai, na kiberiti hatukununua, tulikwenda kwa jirani kuomba kaa la moto juu ya kifuu. Nilipenda kukimbia na moto ule mkononi, nikiupuliza njia nzima.

Ndipo ikaja posa kutoka Mkoani. Kijana alikuwa fundi seremala, mpole, na dada alimtaka. Siku ya akdi ya ndoa ilipokaribia, baba alimwambia mama kwamba afadhali waahirishe. Mimi na dada tulikuwa nyuma ya mlango.

"Siwezi kumuoza mwanangu kwa muhogo," alisema. "Babu yangu alichinja ng'ombe kwa kila binti."

"Ng'ombe wale wameshaliwa, bwana. Sisi shambani tuna nini?"

Mama hakungoja ajibiwe.

"Tuna muhogo, tuna mashelisheli, tuna nazi," mama akaendelea. "Na bamvua litaingia siku zile zile, maji yatakauka mpaka miambani. Kitoweo kiko pwani."

"Watu wa Mkoani watatucheka."

"Wakicheka hali wameshiba, nami nitacheka nao."

Dada alinibana mkono mpaka ukauma. Alikuwa akicheka bila sauti.

Siku moja kabla ya harusi bahari ilikauka mbali sana, na mama akanichukua kwa mara ya kwanza kufuata pweza. Tulikuwa na shangazi, dada yake baba, na majirani wawili. Nilikuwa nimezoea kuokota chaza karibu na ufuko tu. Sasa nilipita majani ya bahari, nikapita mchanga mweupe, nikafika kwenye miamba yenyewe, na moyo ulinienda mbio kama ninayekwenda kuiba.

"Tazama mawe madogo na makome matupu yaliyorundikwa mlangoni," mama alinifundisha. "Hapo pana mwenyewe."

Alitia chuma chake chenye ncha ndani ya shimo, akakitikisa, na pweza akatoka akimwaga wino. Mmoja, wa pili, kisha shangazi naye akapata. Mimi nilizunguka nikiinama mpaka mgongo ukachoka, halafu nikaona rundo la makome mbele ya ufa mpana.

"Mama, hapa pana mkubwa."

Alikuwa mkubwa kweli. Mama alimvuta, na yeye akaung'ang'ania mwamba. Shangazi akaja kusaidia, naye akashindwa. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yakatufika magotini. Majirani walituita tutoke. Mama alikataa.

"Huyu ni sinia nzima," alisema huku akihema.

Nilipogeuka nilimwona baba ufukoni. Nadhani alikuja kutazama tutakavyorudi mikono mitupu. Alisimama kidogo, akakikaza kilemba chake, akakunja kikoi, akaingia majini. Sikuwahi kumwona baba akiingia baharini zaidi ya vifundo vya miguu. Alifika, akamwambia mama, "Sogea, bibie," akatumbukiza mkono wote ndani ya ule ufa. Pweza akauacha mwamba na kumkumbatia yeye, mikia yake minane ikampanda mpaka begani. Baba aliyumba, akakaa chini majini, kilemba kikaelea. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka na sisi tukashindwa kusimama, mama kamshika kiuno, shangazi kakamata kilemba, mimi nikiruka ruka pembeni nikisema ni wangu, nimemwona mimi.

Alipofika nchi kavu hakumruhusu mtu mwingine kumpiga yule pweza juu ya jiwe ili alainike. Alimpiga mwenyewe. Alasiri akashika jembe akachimba muhogo bila kuambiwa.

Kesho yake wakaja watu wa Mkoani, na akdi ikafungwa salama. Kisha zikatoka sinia za muhogo wa nazi, mashelisheli ya kuchoma na pweza wa mchuzi mzito. Upande wa wanawake aliketi shangazi wa bwana harusi, mwanamama mnene mwenye buibui linalong'aa. Aliitazama sinia, asinyooshe mkono. Wenzake wakamtazama yeye. Nilisimama na birika la kunawia mikono.

Mara upande wa wanaume wakaangua kicheko.

"Wanacheka nini huko?" aliuliza yule mwanamama.

Nilikwenda kuchungulia. Baba alikuwa amekunja mkono wa kanzu, anawaonyesha alama za mviringo alizoachiwa na pweza, anasimulia, na hadithi yake ilikuwa imeshamkuza pweza mara mbili. Nilirudi nikamweleza yule mama kila kitu, hadi kilemba kilichoelea. Alitabasamu, akanyoosha mikono nimnawishe, akala. Alikula vizuri. Baadaye alimwita mama.

"Mchuzi huu umetia nini?"

"Tui la kwanza, ndimu, na bizari kidogo."

"Nifungie kidogo, mkwe. Nitakwenda nao."

Mzee mmoja hakuwa akila pweza, tukamkaangia mayai. Na jirani ambaye hatukuwa tukisalimiana naye tangu uchaguzi alikuja pia, akala sinia moja na baba. Uchaguzi hakuna aliyeutaja.

Dada aliondoka alasiri ndani ya pikapu ya kuazima, ameketi mbele na mumewe, nyuma wanawake wakiimba. Niliikimbilia mpaka kwenye kona. Niliporudi, baba alikuwa barazani na mama, miguu ameinyoosha.

"Bamvua jingine lini?" alimuuliza.

Mama akamwambia. Na lilipoingia, baba ndiye aliyetuamsha, kikapu kiko tayari mlangoni.