Gari Iliyokosa Pumzi Kilimani

Mwaka wa kidonda cha mama nilikuja kukichukia kilima kimoja kilichopo kati ya kwetu Pujini na Chake Chake. Si kirefu. Watoto wa shule hukipanda mbio huku wanacheka. Lakini gari yangu ilikuwa ikifika katikati inakohoa, inapungua nguvu, inatoa moshi mweusi nyuma, kisha inazima. Mimi nabaki nimekamata usukani, na mama kiti cha pembeni, mguu wake umefungwa bendeji, ananiambia, "Usiifanyie hasira, mwanangu. Ipumzishe." Na mimi hasira nilikuwa nazo tangu nyumbani.

Mama ana sukari. Kidonda kilianza chini ya dole gumba, kwa kitu ambacho hata hakukijua, maana nyayo zake zimekufa ganzi zamani. Nilikiona mimi siku moja nikimkata kucha, na kilikuwa kishaingia ndani. Tangu siku ile ikawa siku moja twenda hospitali Chake kusafishwa na kufungwa upya, siku moja hatwendi. Muuguzi wa vidonda alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti na mkali wa macho. Aliniambia nje ya mlango, mama asisikie, kwamba nyama ikikataa kuota mpaka msimu wa karafuu uishe, daktari atakata, na huenda asiishie kwenye dole. Kwa hiyo dawa ni mbili: kidonda kisikose kusafishwa, na mguu usikanyage chini.

"Anakanyaga?" alikuwa akiuliza kila tukifika.

"Sikanyagi miye," mama anajibu. "Nakanyagia wapi? Nabebwa kama bi harusi."

Na kweli nilikuwa nikimbeba, mimi na jirani, kutoka kitandani mpaka garini. Ndugu zangu wako Unguja. Walikuwa wakinitumia sauti kwenye simu, ndefu, zenye dua nzuri na ushauri wa kila namna, nami nazisikiliza nikipika. Asubuhi nafundisha, mchana naendesha, jioni nasahihisha madaftari huku nasinzia. Sikuwa na mume wa kumlaumu, aliyekuwepo tulishaachana, basi lawama zote nilizitupia gari.

Mtu ataniuliza kwa nini sikukodi gari nyingine. Msimu wa karafuu Pemba, kila chenye magurudumu kinabeba karafuu. Ukimpigia mwenye gari anakwambia insha'Allah, na ukishasikia insha'Allah ile ya kuvutwa unajua kuwa leo hapati mtu kitu. Bodaboda nayo haimfai mwenye mguu ule. Tulikuwa na gari yangu tu, kuukuu, niliyoinunua ikiwa kuukuu, na kila asubuhi naifungua boneti, naitia maji, naiacha wazi ipoe kwanza, nakwenda kuoga na kuvaa.

Mwanzoni mwa msimu panya waliingia humo. Walitengeneza kiota ndani ya eya klina, kile kisanduku ambamo hewa huchujwa kabla ya kuingia kwenye injini. Walilitafuna chujio likawa kama pamba ya mto. Fundi akatia jipya, na kwa kuwa vibanio vya kifuniko vilishavunjika, akakifunga kwa utepe wa mpira wa tyubu. Siku ile nilirudi nyumbani nimejaa hasira. Mama alikuwa ukumbini anachambua karafuu, mguu juu ya kigoda, nikasema kwa sauti kubwa, "Panya hawa wataniulia gari. Na gari hii ikifa, na mimi nimekufa." Nikaingia ndani nikalala na buibui langu. Maneno yenyewe niliyasahau.

Gereji yangu iko njia ya kwendea Wesha. Fundi wake ni hodari, lakini hajui kusema sijui. Nilipompelekea gari ikikohoa hakuigusa hata kidogo akasema, "Mafuta yako yana maji, mwalimu." Akayamwaga yote, tukatia mengine. Siku ya pili nikazimikiwa kilimani. Akasema plagi. Akabadilisha plagi. Nikazimikiwa palepale, na mzee mmoja aliyekuwa akianika karafuu zake kando ya njia akaniletea gogo la kuzuia tairi bila hata ya kuombwa, maana alishatuzoea. "Wambaje leo?" akamsalimu mama dirishani. "Sijambo, tumekuja tena," mama akasema, na wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Mara ya tatu fundi aliazima mashine ya kupimia, akaichomeka chini ya dashibodi, akakaa akiitazama.

"Sensa ya hewa," akasema. "Njoo nkuoneshe."

Akanionesha kwenye mpira mpana unaotoka kwenye eya klina. Ndani yake, akasema, kuna kijiwaya chembamba kama unywele. Umeme unakipasha moto, na hewa inayovutwa na injini inapita juu yake inakipoza. Kikipoa sana, injini inajua kuwa hewa imeingia nyingi, inamwaga mafuta mengi. Kikipoa kidogo, inamwaga kidogo. "Sasa kijiwaya hichi chasema uongo," akasema, "na injini masikini yakiamini. Mafuta yamwagwa ovyo. Ndo moshi ule, ndo kukohoa kule." Akauchomoa waya wa ile sensa, akawasha. Injini iliyokuwa ikitetemeka kama yenye homa ikatulia. Akaniambia kwamba bila ya sensa injini inakisia yenyewe, na kukisia kwake ni bora kuliko kuongopewa.

Nilifurahi mno. Akakisafisha kijiwaya kwa dawa yake ya kopo, akalipuliza chujio kwa kompresa, akarudisha kila kitu, na siku iliyofuata tulikipanda kile kilima moja kwa moja. Mama alimpungia mkono yule mzee. Muuguzi akafungua bendeji, akauliza lile swali lake, mama akajibu jibu lake. Kidonda kilikuwa vilevile.

Haikupita wiki, gari ikaanza tena. Nikairudisha, ikasafishwa, ikapoa ugonjwa, ikaanza tena. Sasa fundi naye akawa anakasirika, kama kwamba namroga. Akasema sensa yenyewe imekufa, tutafute nyingine. Ikaja kwa boti kutoka Unguja, iliyotumika lakini nzima, akaijaribu mbele yangu ikafanya kazi. Baada ya siku chache moshi ukarudi.

Hapo nilichoka uchovu ambao kulala hakuuondoi. Nilikuwa nikikaa ndani ya gari nje ya shule, dirisha limefungwa, nasikia joto, na sina nguvu ya kufungua mlango. Jirani alisema ni jicho la hasidi, akaleta maji yaliyosomewa, nikayanyunyiza kwenye matairi kwa sababu kukataa kungenichosha zaidi. La kuvunda halina ubani, nikajisemea moyoni, nikiikusudia gari. Lakini usiku nikikumbuka kidonda, ambacho nacho kila kikisafishwa kinarudi kuwa kama jana, methali ile ilikuwa ikinitia hofu.

Siku moja baada ya shule nilikwenda gereji, nikakataa kukaa kwenye benchi la wateja. Nikamwambia fundi atoe sensa mbele ya macho yangu. Akaitoa. Tukaiinamia wote. Juu ya kijiwaya palikuwa na utando wa kahawia, wa kunata.

"Vumbi," akasema.

"Vumbi halinati."

"Basi mafuta ya injini yapanda."

Nikaligusa chujio ndani ya kisanduku. Lilikuwa limelowa, rangi ya chai kavu. Vidole vyangu vikang'aa. Fundi alinusa, mimi nikanusa, tukatazamana, na hatukusikia kitu. Nataka nieleze hili kwa mtu asiye wa kwetu. Msimu ule karafuu zimeanikwa nje ya kila nyumba, kwenye majamvi, kwenye maturubali, mpaka kwenye sakafu ya uwanja wa mpira. Nguo zinanuka karafuu, chaki zinanuka karafuu, hata mkono wa fundi uliojaa grisi ulikuwa na harufu hiyo. Pua zetu zilishaacha kuisikia.

Jasho likanitoka, nikajifuta mdomo kwa mkono uleule. Nilikuwa nikitaka kumwambia fundi kwamba safari hii simwachii gari, nikaona neno halitoki sawa. Mdomo wa chini umekufa ganzi. Nikaulamba, na ncha ya ulimi nayo ikafa. Mpemba gani hakijui kitu kile? Tangu utotoni, ukiumwa na jino, mama yako anakutilia pamba yenye mafuta ya karafuu, na mdomo unalala hivyohivyo.

"Nani anatia mafuta ya karafuu kwenye gari yangu?" nikamuuliza fundi, kwa kitembe.

Alinitazama kama niliyerukwa na akili. Kisha akaligusa chujio, akajipaka mdomoni, akangoja. "Lahaula," akasema polepole. Akaniambia chujio likilowa mafuta, hewa inayachukua na kuyapaka kwenye kijiwaya, na hata ukileta sensa kumi zote zitakufa kifo hicho. Akatia chujio kavu, akanipa na jingine la akiba. Hakusema kwamba alikosea, na mimi sikuwa na nguvu ya kumkumbusha.

Njia nzima nilikuwa nikitafuta adui. Jirani? Mtoto wa mtu anayechezea boneti? Ndani ya nyumba yetu tulikuwa wawili tu, na mmoja wetu hakanyagi.

Asubuhi yake, siku ya hospitali, nilifanya kama kawaida. Nikafungua boneti, nikatia maji, nikaiacha wazi. Nikaingia bafuni, nikafungua bomba maji yamwagike ndooni, kisha nikatoka kimya nikasimama nyuma ya pazia la ukumbini.

Mama alitoka chumbani kwake kwa miguu yake. Alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ameshika kichupa. Alipofika mlangoni ukuta ukamwishia, akashuka kizingiti, akakanyaga kwa mguu mbovu, kwa uzito wake wote, kwenye changarawe. Hakukunja uso hata kidogo. Ule mguu hausikii. Akatembea mpaka kwenye gari, akaiegemea kidogo kujishikiza, akauvua utepe wa mpira, akainua kifuniko, na midomo yake ikawa inasoma. Akanyunyiza kichupa juu ya chujio jipya, hapa na hapa na hapa, kama anavyonyunyiza marashi kwenye nguo za maiti na za maharusi. Akafunga. Akaanza kurudi, na bendeji ilikuwa imeshika mchanga chini.

Nilitoka. Sijui nilikusudia kusema nini. Nilikuwa na maneno makali mengi, nimeyalimbikiza msimu mzima kwa ajili ya mtu huyu ambaye sikuwa namjua.

"Mama, unakanyaga."

Alisimama. "Kidogo tu."

"Kila siku?"

"Siku za kwenda hospitali. Sikuzidisha." Kisha akaona ninavyokitazama kile kichupa, akakificha kwenye khanga kama mtoto. "Ulisema panya wataiua. Panya hakaribii karafuu. Na ulisema gari hii ikifa na weye ushakufa. Nilikusikia miye. Sasa nikae tu juu ya kigoda nikutazame?"

Nilikaa chini palepale kwenye kizingiti nikalia, kwa sauti, mbele ya mzazi wangu, na sikuona haya. Yeye alikuwa bado amesimama juu ya ule mguu, ananipapasa kichwa, ananiambia nyamaza, na mimi katikati ya kilio namwambia kaa mama, kaa kwanza, kaa. Mpaka akakaa. Nikauweka mguu wake mapajani kwangu, nikaupangusa mchanga. Sikumwambia kuwa mafuta yake ndiyo yaliyokuwa yakituzimishia gari kilimani. Nilimwambia panya wameshahama.

Siku ile hatukukohoa njiani, maana lile chujio nililibadilisha kabla ya kuondoka, yeye akiwa amegeuka anavaa mtandio. Kichupa nilimwomba anipe, nikakitia kwenye kisanduku cha dashibodi, mbele ya magoti yake. Nikamwambia kazi yake tangu leo ni kukaa pale na kuisikiliza injini, na ikibadilika sauti aniambie mimi, asiiendee mwenyewe. Aliichukua kazi ile kwa moyo. Tulikuwa tukienda kimya, kichwa chake amekiinamisha, na tukifika kilimani anasema, "Yavuta. Kanyaga." Uchovu wangu haukwisha. Nilikuwa nikimbeba vilevile, nasahihisha nikisinzia vilevile.

Karafuu za mwisho zilikuwa zikikusanywa majamvini siku muuguzi alipofungua bendeji, akainama, akaita mwenzake aje atazame. Pembeni mwa kidonda palikuwa na nyama nyekundu, mbichi, pande zote. Dole lenyewe lilikuja kukatwa baadaye, halikuweza kuokoka. Mguu ulibaki.

"Sasa niambie kweli, bi mkubwa," muuguzi akasema, akikunja bendeji mpya. "Ulikuwa wakanyaga?"

Mama hakunitazama. Alikuwa akiutazama mguu wake, kama wa mtu mwengine.

"Nilikuwa nauguza, daktari," akasema. "Mgonjwa wangu keshapoa. Sikanyagi tena."