Profesa na Karatasi Moja

Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakumjua Profesa. Yake ilikuwa na urefu wa miaka thelathini na moja, na ilianza kwa maneno mawili tu.

Kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi wa kinyozi. Kinyozi huyo alikuwa na gitaa ukutani, kati ya kioo na kalenda, na wateja walipoadimika alilishusha akamfundisha: shika hapa, achia pale, usikwaruze kama unasugua sufuria. Hakuna nota iliyoandikwa. Kilichokuwapo ni masikio, na masikio ya kijana huyo yalikuwa makali kuliko wembe wake, jambo ambalo wateja wengi walithibitisha kwa damu.

Siku mpiga gitaa wa bendi ya jazi ya hoteli alipovunjika mkono, kinyozi alimsukumia huko, labda kwa kuwahurumia wateja. Kiongozi wa bendi alimwuliza kama anasoma nota.

“Kama gazeti,” akajibu.

Hakuwa mtu wa magazeti pia, lakini hilo hakuulizwa.

Mambo yalimnyookea kwa sababu kiongozi yule alipenda sauti yake mwenyewe, hivyo kila wimbo mpya aliwaimbia sehemu zao zote, tarumbeta hadi besi. Profesa alisikia mara moja, ikatosha. Kilichobaki ni kuonekana msomi. Alinunua miwani, akajifunza kukunja uso mbele ya karatasi, na kila mara shemeji yake, mpiga piano aliyemwoa dada yake, alipofunua ukurasa, naye alifunua wake. Bendi nzima ikamwita Profesa kwa heshima. Alioa, akalea binti, akazeeka kwenye kiti kile kile cha kushoto. Hakuwahi kupiga solo hata moja, na hakuitaka. Alikuwa mtu wa kuwashikia wengine mdundo wapite, kama anayeshika mlango.

Kisha kiongozi akafariki, akaja mwingine: binti wa miaka thelathini aliyetoka chuo cha muziki, mwenye penseli nyuma ya sikio. Huyu haimbi. Alinakili nyimbo zote za marehemu kwa mkono wake, akagawa karatasi, akasema tuanze.

Katikati ya wimbo wa pili akawasimamisha.

“Mzee wangu, piano ina kurasa tano. Gitaa lina ukurasa mmoja, nimeuandika mwenyewe. Wewe umefunua mara nne. Unafunua nini?”

Akaifuata stendi yake ya nota, akachukua karatasi ya juu, akaisoma kwa sauti: kifua arobaini na mbili, kiuno thelathini na nne, mikono mirefu. Mke wa Profesa ni fundi cherehani, na karatasi za vipimo vya wateja zilikuwa na unene mzuri wa kufunulika.

“Huo wimbo una mwili,” alisema mpiga saksafoni.

Walicheka wote isipokuwa wawili. Kiongozi alimpa wiki tatu. Ijumaa ya mwisho, saa tisa alasiri, angepiga kutoka kwenye karatasi mbele ya wenzake. Akishindwa, kiti kitapata mwingine. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomwuma zaidi.

Nyumbani mkewe hakumpa pole. Alitaka kwanza kujua kama hiyo ndiyo sababu gauni la mke wa daktari liligoma kupita mabegani. Binti yao, mwalimu wa darasa la kwanza, ndiye aliyemhurumia, kwa namna ya walimu wa darasa la kwanza. Alimkalisha mezani jikoni, akamchorea mistari mitano, akampa majaribio ya wino mwekundu. Wiki ya kwanza Profesa alipata tatu kwa kumi.

“Baba, unakisia.”

“Nimekisia miaka thelathini na moja, mwanangu. Nakisia vizuri.”

“Hapa hatukisii. Rudia.”

Akarudia. Vidole vilivyojua kila kitu vikaanza kusubiri macho yasiyojua kitu, kama mabosi wawili wasiosalimiana. Wiki ya tatu akapata tisa, na mkewe akaibandika karatasi hiyo juu ya cherehani.

Ijumaa ikafika. Kiongozi alichagua wimbo wa zamani kuliko wote, ule wa kufungulia. Profesa alivaa miwani, safari hii kwa kazi, akasoma nota kwa nota. Mstari wa pili ulipoanza, mwimbaji akafungua kinywa, akakifunga. Mpiga saksafoni akaitazama saksafoni yake kana kwamba imemng'ata. Wimbo ukafa.

Kiongozi aliuliza nani amekosea. Wote wakamwonyesha Profesa.

“Nimepiga kilichoandikwa,” alisema.

Kiongozi akainama juu ya karatasi, akahesabu kwa kidole. Ilikuwa kweli. Akamwomba apige kama zamani, bila kutazama. Profesa akavua miwani, akafumba macho, na mwanzoni mwa mstari wa pili kidole kimoja kikateleza hatua moja juu, mahali ambapo hakikuandikiwa. Mwimbaji akaingia bila kujua ameingia.

“Miaka yote hii mnapiga hivi?”

“Mimi nilidhani karatasi yangu ndiyo ina kosa,” alisema shemeji. “Nikaona haya kuuliza, nikamfuata Profesa.”

Mpiga besi naye alidhani hivyo hivyo. Na mpiga tarumbeta.

Kiongozi alitoa penseli nyuma ya sikio. Akafuta nota moja, akaandika nyingine hatua moja juu, kisha akazunguka kwenye stendi zote akifanya vilevile.

“Soma hapa,” alimwambia.

Profesa akasoma. Lilikuwa kosa lake, limekaa kwenye mstari kama lililozaliwa pale.

“Haya, kaa tuendelee, Profesa.”

Wakaanza upya. Shemeji akafunua ukurasa, na mkono wa Profesa ukaenda wenyewe kwenye stendi. Alikuwa na karatasi moja tu. Akaigeuza hivyo hivyo, akautazama mgongo wake mtupu kwa uso uliokunjamana, akaendelea kupiga.