Mzee wa Kandambili na Somo la Ubepari

Mimi hufundisha sosholojia chuoni Kasulu. Juzi nilialikwa Kibondo kuwaeleza wafanyabiashara jinsi ubepari ulivyoanza. Nikawaambia waanzilishi wake walifanya kazi kama ibada, hawakujipamba, na kila faida waliirudisha kwenye biashara. Walinisikiliza vizuri, nami nikanogewa. Pembeni kulikuwa na mzee wa kandambili zilizofungwa kwa waya, akipanga viti. Nikajua ni mlinzi wa ukumbi, nikamnyooshea kidole.

"Mzee huyu, kwa mfano, hawezi kuwa bepari. Hana mtaji."

Watu wakainamisha vichwa. Mzee akakiweka chini kiti alichoshika, akasema kwa upole, "Endelea tu, mwalimu. Ukumbi huu ni wangu, na basi lililokuleta kutoka Kasulu ni langu pia."

Nikatafuta pa kutazama, nikakosa.