Miguu Yangu Kwenye Rubisi ya Harusi

Mkitaka kucheka chekeni tu, maana hata mke wangu akikumbuka ile siku ya Omurushaka hujifunika kanga usoni, na mimi mwenyewe nikipita pale hadi leo natazama upande wa pili wa barabara kama mtu anayetafuta ng'ombe wake.

Nilikuwa nimeondolewa unyapara wa barabara kwa sababu ya uzee (bwana mkubwa alitazama mvi zangu akasema nipumzike, kana kwamba tumbo nalo linapumzika), nikabaki na vibarua vya kuokoteza, leo napalilia kahawa ya mtu, kesho nimekaa, na nyumbani Kanoni chumvi imeisha, sabuni imeisha, karani wa kodi ya kichwa keshaanza kupita vijijini, na asiyelipa tulijua anakopelekwa, kuvunja mawe kwenye barabara ile ile niliyokuwa nikisimamia wenzangu. Nikawa situlii. Nakaa, nasimama, nazunguka migomba, narudi, hadi Mama Koku, mke wangu, akasema, "Baba Koku, unanitia kizunguzungu."

Ndipo nikasikia kwamba Bwana Petro, mfanyabiashara aliyehamia Omurushaka kutoka Bukoba, anamwoza binti yake na anatafuta wanaume wa kukanyaga ndizi za rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, malipo siku hiyo hiyo, na yanatosha kodi. Shida ilikuwa miguu. Funza walikuwa wameichimba hadi nachechemea, na mkanyagaji anayechechemea nani atamchukua? Basi alfajiri nikamimina mafuta ya taa kutoka kwenye kibatari, nikajipaka mpaka ndani ya nyufa za visigino. Muwasho ukakoma, nikatembea kama kijana.

Kule tukapewa maji ya kunawa miguu, kama ilivyo desturi, nikajimwagia haraka haraka (niliogopa wasije wakaona vidonda), nikaingia kwenye hori la mti pamoja na kijana mmoja, tukakanyaga ndizi na nyasi, na kwa kuimba nikamshinda. Maji ya ndizi yakatoka, yana povu zuri. Shangazi wa bibi harusi akaletewa kibuyu aonje. Akaonja, akatema.

"Hii ni rubisi au ni taa?"

Zogo likaanza. Kibuyu kikanuswa, mtungi ukanuswa, binti aliyeteka maji akasemwa mpaka akalia, na mimi (Mungu anisamehe) nikatikisa kichwa nikasema mabinti wa siku hizi hawana uangalifu. Laiti ningenyamaza. Shangazi akanigeukia.

"Wewe mzee, hebu inua mguu."

Nikauinua, mbele ya katekista, mbele ya wazee wa upande wa bwana harusi waliokuja kuangalia maandalizi, nimeshikilia bega la yule kijana nisianguke, na yule mama mzima akainama, akanusa unyayo wangu, akaziba pua. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndizi zote zikamwagwa. Bwana Petro hakunigombeza, alinisogeza pembeni akaniambia taratibu, "Mzee wangu, asubuhi nilikuamkia shikamoo ukaniitikia vizuri, kwa nini hukuniambia miguu inauma? Wa kumenya ndizi nilikuwa nimepungukiwa. Ungekaa kwenye kigoda, na malipo ni yale yale."

Nilisikia machozi yananilenga. Halafu, sijui ni njaa au ni wazimu, nikamwuliza kama hiyo nafasi ya kumenya bado ipo. Waliosikia walicheka mpaka wakashikana. Yeye hakucheka, alinionyesha njia ya kurudi Kanoni.

Ndizi zetu zilizokuwa zikiiva shimoni zilikwenda kwake kama fidia, na kodi ikalipwa kwa mbuzi wa Mama Koku, mbuzi pekee aliyekuwa wake mwenyewe. Alimfungua kamba akamtoa bila kunisema hata neno moja, na hapo ndipo niliumia hasa. Tangu hapo, nikienda kuomba kibarua, nikishaitikia tu shikamoo, naanza na pale panaponiuma.