Jeska, panya wenye presha na magoti ya mama

Saa moja asubuhi mjini Musoma, Jeska Ryoba anamwingiza panya mweupe kwenye kibomba cha plastiki, anamvisha mkiani kipete cha kupimia presha, kisha anasubiri. Panya akiwa na hofu, presha hupanda bure, kama ya mtu anayeogopa daktari.

"Huyu mkorofi," anasema. "Lakini nikimwimbia huwaga anatulia."

Jeska, 34, ni mtunza panya katika maabara ndogo ya utafiti. Panya hao hulishwa chumvi nyingi hadi wapate presha, ili watafiti waone figo zao zinavyohangaika.

Ana ugonjwa mmoja: kuuliza. Mwaka jana aliona kundi moja presha yake inapaa kuliko ya wenzao, na chumvi ni ileile. Akamfuata mtafiti, Dk Amini Khalidi, akataka kujua wale wamefanywa nini.

Dk Amini akamweleza kuwa figo hutengeneza kemikali zinazofanya kazi kama homoni. Hupanua mishipa ya damu na kusaidia chumvi itoke kwenye mkojo. Kundi lile lilikuwa linapewa dawa ya maumivu inayozizima kemikali hizo. Jina lake diklofenaki, ileile ya dukani.

Jeska anasema hapohapo akamkumbuka mama yake, Bi Miriamu. Kwao binti wa mjini haendi kwa mama mikono mitupu, na kila alipokwenda Buswahili, Butiama, alimbebea Bi Miriamu sukari, sabuni na diklofenaki za magoti. Na mama ana presha ya miaka mingi, isiyosikia dawa.

"Nilikuwaga najiona mtoto mwema," anasema. "Kumbe mama nilikuwa namfanya kama hawa panya."

Jumamosi iliyofuata akaenda kumweleza. Bi Miriamu hakutaka kusikia habari za panya. Aliuliza jambo moja tu: bila dawa, mihogo italimwa na nani?

Jeska akaona maji ameshayavulia nguo, hana budi kuyaoga. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi yuko Buswahili na jembe. Mama naye akakubali kwenda zahanati, akabadilishiwa dawa ya maumivu, na jioni hukandwa magoti kwa maji ya moto. Presha imeanza kushuka.

Jumatatu Jeska atamleta Musoma akapimwe figo. Anaogopa, na hafichi.

"Majibu yakiwa mazuri, nitaendelea kulima," anasema, akimrudisha panya kwenye kizimba. "Yakiwa mabaya, mimi nina figo mbili."