Mafunzo Yaliyonipeleka Nje ya Nchi

Likizo ile ya Desemba mwalimu mkuu alituita ofisini akatuambia bila kuzunguka: anayetaka kufundisha darasa la kwanza mwakani amalize mafunzo ya mtandaoni, moduli zote nane na mtihani wake, kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Asiye na cheti atapangiwa darasa jingine. Mimi nilikuwa nikifundisha darasa la kwanza tangu nihamie Chapwa, hapa Tunduma, kutoka Ihanda, na sikuwahi kuomba jingine. Watoto wanakuja na Kinyiha chao, na Kinamwanga chao, na ifikapo Juni wananisomea. Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza. Basi nikaingia mtandaoni.

Yale mafunzo yalinitia hasira tangu dakika ya kwanza. Kulikuwa na mwanamke asiyeonekana, sauti tu, aliyesema "Hongera, mwalimu!" kila nilipobonyeza kitufe, hata nilipokosea. Video hazirukwi. Ukienda jikoni kugeuza maharage, video inasimama na kukuuliza kama bado upo. Katika moduli ya tatu nilifundishwa jinsi ya kuwaketisha watoto ishirini katika duara juu ya zulia. Zulia! Wangu wanakaa wanne wanne kwenye dawati la wawili, na wa mwisho anakaa nusu.

Halafu kuna habari ya saa. Mpaka uko jirani, na simu haijui mpaka. Ikivuta mnara wa Zambia, saa yake inarudi nyuma saa nzima, kwa kuwa wenzetu wa kule wako nyuma yetu. Kila mtu Tunduma anajua. Ukipanga kuonana na mtu unamuuliza, "Saa yetu au ya kule?" Simu yangu nilikuwa nimeizuia zamani isijibadilishe saa. Lakini mafunzo yakakataa. Yakaandika kwa herufi nyekundu kwamba saa ya simu iachwe ijipange yenyewe, la sivyo mtihani haufunguki. Nikatii. Huo ndio ujinga wangu, nilitii na nikasahau.

Ijumaa ile nilimaliza video ya mwisho nikaangalia simu: saa nane na nusu. Nikafurahi. Nikanywa chai, nikasoma maswali mara mbilimbili, nikajibu kwa raha zangu kabisa. Swali moja liliuliza mtoto anayechanganya b na d asaidiweje, nikacheka peke yangu, maana hao nimewasaidia mpaka naota mvi. Saa tisa na dakika tano, kwa saa ya simu, nikabonyeza kutuma. Muda umekwisha. Yule mwanamke hakusema hongera.

Nikapiga simu kitengo cha msaada. Akapokea kijana mpole mpaka anakera.

"Samahani sana, Madam. Saa kumi imeshapita."

"Simu yangu ilivuta mnara wa Zambia, mwanangu. Saa ikarudi nyuma."

"Kwa hiyo ulikuwa Zambia?"

"Nilikuwa jikoni kwangu! Chapwa!"

"Lakini simu ilikuwa Zambia."

"Simu ilikuwa mkononi mwangu!"

Akasema amenielewa, anaandika. Alichoandika nilikiona wiki iliyofuata, mwalimu mkuu aliponisogezea karatasi mezani: mshiriki hakukamilisha, alikuwa nje ya nchi. Tukatazamana. Mtumishi wa umma hatoki nje ya nchi bila kibali, na yeye ndiye aliyetakiwa kuniuliza kibali changu kiko wapi.

"Madam, mimi najua hukwenda popote," akasema. "Lakini imeshaandikwa. Niletee barua ya maelezo."

"Na darasa langu?"

Akaanza kupanga kalamu zake. Darasa la kwanza lilikuwa limekwenda kwa mwalimu mgeni mwenye cheti, ambaye hajawahi kufundisha chini ya la tano. Mimi nimepewa la sita. Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani, kwa hasira kuliko huzuni, na watu wakanipa pole wakidhani nimefiwa.

Shule zilipofunguliwa, nikiwa nimesimama mlangoni kwa la sita, akaja mama mmoja muuza ndizi ambaye wanawe watatu nimewafundisha kusoma mimi. Alimshika mkono binti yake mdogo, sare bado ina mikunjo ya dukani.

"Madam, nimekuletea kitindamimba."

Nikamwambia mwaka huu darasa la kwanza lina mwalimu mwingine, mlango ule kule. Akaniangalia, kisha akashusha sauti watu wasisikie.

"Kwani ulifanya kosa gani, Madam?"

Nikafungua mdomo nieleze mnara, na saa, na Zambia, nikaona haifai. Mtoto alikuwa ameshaachia mkono wa mama yake akashika wangu. Nikampeleka mwenyewe mpaka mlango ule mwingine, nikamwachia pale.