Baba na Tafsiri Zake

Aibu yangu ya kwanza Dubai niliipata mbele ya mgeni aliyekuwa anakula mayai. Nilikuwa mhudumu wa kiamshakinywa katika hoteli moja pale Al Rigga, na mzee huyo Mmarekani alikuja na gita ndani ya kasha, akalikalisha kwenye kiti cha pili kama mkewe. Nikamuuliza anapiga muziki gani. Akasema kantri, ile ya mashambani kwao. Nami, kwa huruma ya kweli kabisa, nikamwambia, "Pole sana, sir. Mlikuwa mnaimba vizuri kabla hamjaisha."

Msinicheke. Kwetu Nyandarua kantri ni muziki wa Jumapili asubuhi, na mtangazaji wa redio yetu kila akimaliza wimbo alitaja marehemu huyu na marehemu yule. Mimi nimekua nikijua waimbaji hao wote wako makaburini na muziki wenyewe umezikwa nao. Mzee alicheka hadi chai ikamwagika. Halafu akachukua tishu, akaniandikia majina saba, wanawake kwa wanaume, akaniambia wote wako hai, wengine hata umri wangu hawajafika, na wana nyimbo mpya za mwaka huo huo. Aliuita muziki wa mizizi. Nikaikunja ile tishu nikaitia kwenye soksi, maana sare yetu haikuwa na mifuko.

Wakati huo nilikaa Discovery Gardens, chumba kimoja na mama wa Kizanzibari aliyeuza manukato dukani. Basi la kazini lilichukua karibu saa nzima, na humo ndimo nilimowasikiliza wale saba, mmoja baada ya mwingine, masikioni. Kulikuwa na msichana mwenye banjo na sauti kavu kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Kulikuwa na ndugu wawili wanaoimba mdomo kwa mdomo, huwezi kujua nani ni nani. Nilifurahi, jamani, nilifurahi kama mtu aliyeambiwa shangazi yake aliyedhaniwa amekufa yuko tu mtaa wa pili anapika.

"Shoga, huu muziki gani, wa kwato za farasi?" mwenzangu aliniuliza nilipouweka chumbani siku ya mapumziko.

"Wa baba yangu," nikamjibu, kwa ukali kidogo, kwa sababu sikutaka maneno.

Na ulikuwa wa Baba kweli. Kila Jumapili kabla ya kanisa alikuwa akiweka redio dirishani, Mama anamenya viazi, sisi watoto tunakunywa uji. Mama hakujua Kiingereza. Basi kila wimbo ukiisha, Baba alimtafsiria. Huyu anasema ng'ombe wake amepotea kwenye ukungu. Huyu anasema mkewe amemwachia moto jikoni ili asikute nyumba baridi. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali lake, kila wimbo swali moja. "Na ng'ombe alipatikana?" Baba naye hakukosa jibu.

Sasa, ukiwa na intaneti unatafuta. Nilitafuta maneno ya wimbo ule wa ng'ombe. Woi! Hakukuwa na ng'ombe. Palikuwa na mwanamume ndani ya baa, amelewa, anamlilia mke wa mtu. Nikatafuta wa moto jikoni, nikakuta ni treni na jela. Nikatafuta nyimbo sita za utoto wangu, zote uongo mtupu. Baba aliacha shule darasa la nne, Kiingereza chake kilikuwa cha kumsalimia daktari wa mifugo, na mimi nimelishwa hadithi miaka yote hiyo! Nilikasirika, wallahi, kama Mzanzibari wangu alivyonifundisha kuapa. Nikapanga nikienda likizo nimuumbue mbele ya Mama.

"Umuumbue nini?" mwenzangu akasema. "Huyo mtunzi. Na mamako unadhani hajui?"

Hapo nikakumbuka. Siku moja wimbo ulirudiwa redioni na Baba akautafsiri upya, na Mama akacheka kwenye viazi vyake, akasema, "Jumapili iliyopita huyu alikuwa fundi viatu."

Sikupata nafasi ya kumuumbua mtu. Mama alifariki ghafla, na viza yangu ilikuwa ndiyo inabadilishwa, pasipoti iko kwa kafeel, yule mwajiri wangu. Nililia mbele ya madam wa ofisini. Akaniambia inshallah wiki ijayo. Mama alizikwa Alhamisi ya wiki ile ile.

Kwetu kila mtoto hutupa udongo kaburini, na kifungua mimba huanza. Mimi ndiye kifungua mimba. Kaka yangu aliniambia Baba alisimama pale na udongo wangu mkononi, hataki kuutupa, hataki kumpa mwingine, mpaka pasta alipomshika bega. Tangu siku hiyo hakuongea nami. Nikipiga simu alisema, "Tuko sawa," akampa kaka yangu. Redio aliifungia kabatini. Miezi minane! Nilimwelewa na nilimkasirikia, yote mawili pamoja, na nilijiona mchafu. Niliogopa naye atakufa kabla hajaniita jina langu.

Jumapili moja nikiwa sina zamu, nilipiga kama kawaida. "Tuko sawa," akasema.

"Baba, usimpe simu. Kuna wimbo mpya."

"Watu wale walikufa," akasema.

"Hawakufa. Wako hai. Sikiliza, kisha umpe."

Sikungoja aseme ndiyo. Nikaweka simu kwenye spika, nikampa ishara mwenzangu afungulie wimbo kwenye simu yake. Yule msichana wa banjo akaanza. Wimbo wenyewe ni wa mwanamke anayemkimbia mume mlevi, amemwibia gari, anaendesha hadi mafuta yaishe. Naujua neno kwa neno. Dakika nne nzima nilisikia tu jogoo wetu upande wa pili. Wimbo ukaisha, nikadhani amekwenda.

Akakohoa.

"Huyu anasema," Baba akaanza polepole, kwa ile sauti yake ya dirishani, "anasema mtoto amechelewa njiani. Mto ulifurika. Si kosa lake, mto ndio ulifurika. Anasema huko nyumbani wasifunge lango."

Mwenzangu, ambaye Kikuyu hajui hata salamu, alinitazama uso akaweka kiganja mdomoni mwake. Mimi nilikuwa nalia na pua inatiririka. Halafu pakawa kimya, na nilikijua kile kimya. Ni pale Mama alipokuwa akiuliza swali lake. Baba alikuwa anangoja. Hakukuwa na mtu wa kuuliza jikoni kule.

"Na mtoto alifika, Baba?" nikauliza.

Akafikiri. Hakuwahi kumjibu Mama haraka.

"Atafika," akasema, kisha akaniita jina langu, lile la mamake alilonipa. "Huyu msichana ameukata wimbo mapema. Weka mwingine."